Unakanusha, unafafanua au unasahihisha? Jibu kwa afisa uhusiano mpya

"Shikamoo mtaalamu. Nina miezi mitano katika kitengo cha mawasiliano cha mamlaka ya maji ya mji wetu. Nilisomea ualimu wa Kiswahili na Historia, na kazi hii nimejifunzia mezani. Mikutanoni wenzangu hutaja stekiholda, embago, presi rilizi na ofu rekodi, nami huitikia kwa kichwa bila kuelewa vizuri. Wiki iliyopita picha za maji ya rangi ya kahawia zilisambaa WhatsApp zikiwa na maneno kwamba mji mzima unakunywa maji machafu. Meneja aliniambia, 'Kanusha haraka.' Nikaandika Taarifa kwa Umma yenye kichwa 'Mamlaka yakanusha vikali uvumi wa maji machafu'. Ukweli ni kwamba mitaa miwili ilipata maji ya rangi hiyo kwa siku moja na nusu baada ya bomba kuu kutengenezwa. Mwandishi wa redio ya hapa alinipigia akauliza, 'Dada, unakanusha nini hasa?' Nilikosa jibu. Je, ipo orodha ya maneno ya msingi ya kazi hii ambayo naweza kuikariri? Na nilikosea wapi?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza maswali mawili, lakini naona hofu moja chini yake: kwamba wenzako wanayo lugha ya kitaalamu ambayo wewe hukufundishwa, na kwamba ungeikariri mapema usingeandika taarifa ile. Hofu hiyo naielewa, ila naomba niipinge kidogo. Ungeweza kukariri maneno 50 ya Kiingereza na bado ukaandika kichwa kilekile, kwa sababu neno lililokuponza ni la Kiswahili, unalijua tangu utotoni, na meneja wako pia alilitumia bila kulipima. Nalo ni kanusha.

Kukanusha ni kusema kwamba jambo lililodaiwa si kweli. Anayekanusha anachukua mzigo mzima: dai lote liwe si kweli, na ushahidi uwe mkononi. Kufafanua ni kazi nyingine. Hapo unakubali kwamba jambo lipo, kisha unaeleza kiasi chake, sababu yake au mipaka yake, kwa kuwa limeelezwa nusu au limeeleweka vibaya. Kusahihisha ni jambo la tatu, nalo humaanisha kwamba maelezo fulani mahususi yaliyokwisha kutolewa, yawe yetu au ya chombo cha habari, yana kosa, na tunaweka la kweli mahali pake. Dai lililosambaa kuhusu mji wako lilikuwa na sehemu tatu zilizofungwa pamoja. Kwamba maji yalikuwa ya kahawia ni kweli. Kwamba ni mji mzima si kweli. Kwamba ni machafu kwa maana ya kudhuru afya ni jambo ambalo maabara pekee ndiyo ingeweza kulisemea. Ulichohitaji ni kufafanua la kwanza, kukanusha la pili, na kusema wazi kuhusu la tatu kwamba sampuli zimechukuliwa na majibu yatatolewa siku fulani. Kichwa chako kilikanusha yote matatu kwa pamoja, na wakazi wa mitaa ile miwili, ambao walikuwa wameyaona maji hayo kwenye ndoo zao, walisoma kwamba mamlaka inawaita waongo.

Angalia pia maneno mawili yaliyoongozana nalo. "Vikali" halina ushahidi wowote ndani yake. Linapima hasira ya mwandishi wa taarifa, na msomaji hajaulizia hasira. "Uvumi" ni habari inayovuma bila chanzo kujulikana. Picha iliyopigwa na mkazi kwenye bomba la uani kwake ina chanzo, kwa hiyo si uvumi. Ni malalamiko, na malalamiko yana utaratibu wake wa kupokelewa na kujibiwa. Kisha kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamekwisha kuchelewa: kukanusha hulirudia dai. Watu wa kata za mbali ambao hawakuwa wameziona picha zile walisikia neno "maji machafu" kwa mara ya kwanza kutoka kwenye karatasi yenye nembo yenu.

Ungefafanua, ungekuwa na la kueleza, kwa sababu jambo lenyewe lina maelezo mazuri. Bomba kuu linapofungwa kwa matengenezo na kufunguliwa tena, kasi ya maji hubadilika ghafla na kukwangua mashapo ya chuma na madini ya manganizi yaliyotulia ndani ya bomba kwa miaka mingi. Hayo ndiyo huleta rangi ya kahawia, na husafishika kadiri maji yanavyoendelea kupita. Mhandisi wako angekueleza hayo kwa dakika tano, na mwandishi wa redio angeyapokea kwa furaha.

Nije sasa kwenye jina la karatasi uliyoitoa, maana hapa napo ofisi nyingi huchanganya. Taarifa kwa umma humwendea mwananchi moja kwa moja: kwenye mbao za matangazo, kwa gari la kipaza sauti, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni. Msomaji wake anataka kujua afanye nini. Achemshe maji? Ayaache maji ya bomba yatiririke kwanza? Apige simu namba ipi? Taarifa kwa vyombo vya habari, hiyo ambayo wenzako huiita presi rilizi, humwendea mhariri, naye ana haki ya kuikata, kuihoji, kuichelewesha au kuitupa. Kwa hiyo inabeba nani, nini, wapi, lini na kwa nini, kauli ya msemaji aliyetajwa kwa jina na cheo, na namba ya simu ambayo kweli itapokelewa. Tangazo ni nafasi unayoilipia au unayoimiliki, na maneno yake hayaguswi na mtu mwingine. Habari sasa ni kile ambacho mhariri ametengeneza baada ya kupima yote hayo. Ndiyo maana bosi anaposema "iweke hiyo habari gazetini" anaomba kitu ambacho hukimiliki. Wewe unacho taarifa, na kama ni habari au si habari ataamua mwingine.

Mpaka huu kati ya taarifa na tangazo ni wa zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1906 nchini Marekani, Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuingia kazi hii, aliwatumia wahariri tamko akieleza kwamba kazi ya ofisi yake inafanywa hadharani, kwamba ofisi hiyo si wakala wa matangazo, na kwamba mhariri akiona kilicholetwa kinastahili kupelekwa kwenye kitengo cha biashara cha gazeti lake, yaani panapolipiwa matangazo, basi asikitumie. Oktoba mwaka huohuo treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani karibu na Atlantic City, zaidi ya watu 50 wakafa. Badala ya kuficha, kama ilivyokuwa desturi ya makampuni ya reli wakati ule, Lee aliishauri kampuni itoe maelezo na kuwafikisha waandishi kwenye eneo la ajali. Karatasi ya maelezo yale hutajwa mara nyingi kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Lakini Lee huyohuyo, baada ya mauaji ya Ludlow katika mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Colorado mwaka 1914, alitoa makaratasi yenye takwimu zisizo sahihi kuhusu malipo ya viongozi wa chama cha wafanyakazi. Alikuwa amezipokea kwa waajiri wake bila kuzihakiki. Nakutajia yote mawili kwa makusudi, kwa sababu kuhakiki ni neno la msingi ambalo sijawahi kuliona likitiliwa mkazo mikutanoni, na siku meneja anapokuambia "kanusha haraka" ndilo unalopaswa kulitamka kwa heshima: "Sawa bosi, naomba nusu saa nihakiki na mhandisi wa zamu."

Neno stekiholda lisikutishe. Kiswahili chake ni mdau, yaani yeyote anayeguswa na kazi ya taasisi au anayeweza kuigusa. Tatizo ni kwamba tunalitumia kama kapu. Tunasema "wadau wote" na kumbe hatujamwaza mtu yeyote. Litenganishe na hadhira, ambayo ni wale unaokusudia wausikie ujumbe huu mmoja, kwa njia hii moja, na pia ulitenganishe na umma, neno ambalo kwa kawaida hatulitumii kwa wingi na ndiyo maana hutufanya tudhani kwamba watu wote ni kundi moja. Chukua mji wako. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, ni mdau mkubwa, lakini si hadhira ya gari la kipaza sauti. Mtoto wa darasa la pili anayekunywa maji shuleni ni mdau, lakini hadhira yako ni mwalimu wake na mama yake. Hospitali, mama lishe wa stendi na wauza maji kwa mikokoteni wote ni wadau, ila kila mmoja anahitaji sentensi yake.

Hapo hapo nikuonye kuhusu neno mteja. Taarifa nyingi za mamlaka za maji huanza na "Wateja wetu wapendwa". Mteja ni mwenye mita. Katika miji yetu, watu wengi hununua maji kwa ndoo kwa jirani au kwenye kioski, hawana mita wala ankara, na hao hao huwa wa mwisho kujua kwamba bomba limepasuka. Ukiandika "wateja" umewaacha nje ya mlango, na simu zao hazimo kwenye orodha yenu ya ujumbe mfupi. Andika "wakazi wa mtaa wa fulani na fulani". Kwangu mimi hilo ni badiliko dogo lenye thamani kuliko semina nzima ya mikakati.

Sehemu ambayo ningependa uitulie zaidi ni pole, radhi na wajibu, kwa sababu lugha yetu ina utajiri ambao vitabu vingi vya taaluma hii havina, kwa kuwa viliandikwa kwa lugha nyingine. Kwa Kiingereza neno lilelile, "sorry", hutumika kwa anayesikitika na kwa anayekiri kosa, na wanasheria wa huko hulihofia. Sisi tunayo maneno mawili. "Tunawapa pole" ni kumsogelea mtu katika shida yake, na haisemi nani alisababisha. Jirani humpa pole jirani hata kwa mvua iliyong'oa bati. "Tunaomba radhi" inasema tumekukosea. "Tunawajibika" inakwenda mbele zaidi na kuahidi kwamba kuna kitu tutafanya kwa gharama yetu. Ukitoa pole pale unapodaiwa radhi, watu wataona unakwepa. Ukiomba radhi kabla hujajua kosa ni la nani, unaweza kuifunga taasisi kwa jambo ambalo mkandarasi ndiye anapaswa kulijibu. Katika suala lenu la bomba, matengenezo yalikuwa yenu na hamkuwatahadharisha wakazi kuhusu rangi, radhi inadaiwa, na inapaswa kutaja kosa lenyewe: "Tunaomba radhi kwa kutowajulisha mapema."

Linganisha na ile sentensi ambayo imekuwa kama muhuri: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Maji yamekatika tangu jana, mama amebeba ndoo kilomita mbili, nawe unamwambia usumbufu utajitokeza. Tafadhali iache sentensi hiyo. Iache pia "changamoto" kila unapomaanisha tatizo. Changamoto ni jambo linalokuchochea utie bidii. Bomba lililopasuka ni bomba lililopasuka, na anayesoma "changamoto ya huduma" hajui kama leo ajaze pipa au la.

Kuna neno lililonifundisha kwa uchungu. Nilipokuwa kijana katika kazi hii, basi lililowabeba wafanyakazi wa shirika nililolitumikia lilipata ajali, nami nikaandika kwamba "wahanga 14 wamepelekwa hospitali". Nilikusudia majeruhi. Mhanga ni aliyetolewa kafara, kama tunavyosema kujitoa mhanga, na ingawa magazeti hulitumia kwa yeyote aliyepatwa na balaa, msikilizaji mmoja alilisikia redioni akaelewa kwamba watu 14 wamekufa. Alikuwa mke wa dereva. Dereva alikuwa na jeraha la mkono tu. Tangu siku hiyo natenganisha kwa ukali: marehemu, majeruhi, manusura aliyeponea chupuchupu, na waliopoteza mali. "Waathirika" nalitumia kwa tahadhari, kwa kuwa kwa Watanzania wengi limezoeleka kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na Kenya utasikia zaidi waathiriwa. Siku ya ajali, tumia neno lisiloweza kueleweka kwa namna mbili, hata kama si tamu.

Maneno yaliyobaki ya mikutanoni hayahitaji muda mrefu. Embago ni sharti la muda: unampa mwandishi taarifa leo ili ajiandae, naye anakubali kutoitangaza kabla ya saa fulani. Juu ya karatasi andika kwa Kiswahili kinachoeleweka, "Isitangazwe kabla ya Jumatano saa 4:00 asubuhi", na kumbuka kwamba mwandishi ambaye hakukubali hafungwi nalo. Ofu rekodi ni mazungumzo yasiyo ya kuandikwa, na makubaliano hayo hufanywa kabla hujasema, si baada. Ukisema kwanza kisha ukaomba "hiyo usiiandike", umechelewa. Kwa mwaka wako wa kwanza usiitumie kabisa. Msemaji ni mtu aliyepewa idhini ya kusema kwa niaba ya taasisi, na kuwa afisa katika kitengo cha mawasiliano hakukufanyi kuwa msemaji mpaka uambiwe hivyo, afadhali kwa maandishi. Utasikia pia "bahasha" na "nauli ya waandishi", yaani fedha anazopewa mwandishi ili aandike vizuri. Fahamu maana yake, kisha ukae mbali nayo, kwa sababu mwandishi aliyelipwa leo kuandika vizuri anaweza kulipwa kesho na mwingine kuandika vibaya.

Ukiulizwa nyumbani kazi yako inaitwaje, sema uhusiano kwa umma. Wakenya husema uhusiano mwema, nami nalipenda jina hilo. "Mahusiano" nalo linatumika sana, ila kwa masikio ya vijana limeegemea mambo ya mapenzi, kwa hiyo kwenye hati rasmi bora uhusiano. Wapo watakaokuambia kwamba hiyo ni propaganda kwa jina jipya, au kazi ya kusafisha jina. Hawajasema bila sababu: Edward Bernays, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, alilitumia neno propaganda waziwazi katika miaka ya 1920. Lakini tofauti ipo, nayo imo ndani ya neno lenyewe. Uhusiano hauwezi kuwa wa upande mmoja. Kama ofisi yako inatoa taarifa na haipokei mrejesho, yaani simu za wakazi hazijibiwi na malalamiko hayamfikii mhandisi, basi wanaowaita wapiga propaganda wana hoja.

Kuhusu orodha ya kukariri, nitakuambia ninavyoona kwa uaminifu. Njia ya kwanza ni kujifunza istilahi za Kiingereza kutoka kwenye kozi, na una haja nazo, kwa kuwa wafadhili, washauri na mitihani ya taaluma huzitumia. Hasara yake ni kwamba utajua kuzungumza na wenzako kabla ya kujua kuzungumza na mkazi. Njia ya pili ni kubaki na Kiswahili tu, ambayo itakufaa kwenye taarifa lakini itakuacha ukiitikia kwa kichwa mikutanoni kama sasa. Mimi ningekushauri uanze na daftari moja. Kila neno geni unalolisikia liandike, kisha uandike kando yake sentensi moja ambayo ungemwambia mwenyekiti wa mtaa kwa maana hiyo hiyo. Usipoweza kuiandika sentensi, hujalielewa neno, na hapo una sababu ya heshima ya kuuliza. Kwa istilahi zinazokosa Kiswahili cha kuaminika, waulize BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa. Hiyo ni kazi yao. Chama cha wanataaluma wa uhusiano kwa umma kipo Tanzania, na Kenya kipo tangu mwaka 1971. Ukipata mkuu mmoja mzoefu wa kukusomea rasimu zako kila wiki, atakufaa kuliko cheti.

Yapo mambo ambayo daftari wala ushauri wangu havitoshi, na hayo usiyaandike peke yako. Akifa mtu au akiumia, likiwapo shauri mahakamani au dalili ya shauri, mwanasheria wa taasisi asome rasimu kabla ya sahihi, ukiwa umekaa naye ana kwa ana. Ikiwa taarifa inataja jina, namba ya simu au hali ya afya ya mtu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Mwananchi akiomba taarifa kwa maandishi, hilo si suala la kumfurahisha au kutomfurahisha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imempa haki hiyo, na utaratibu wa kumjibu uulize kwa mwanasheria. Na usiandike kamwe kwamba maji ni salama kwa kuambiwa kwa simu. Nenda maabara, uone majibu yenye tarehe na sahihi, umwombe mtaalamu akueleze kila namba inamaanisha nini kwa mama mwenye mtoto mchanga.

Taarifa yako ya wiki iliyopita bado inaweza kutengenezwa, na meneja atakubali ukimpelekea rasimu badala ya lawama. Iite taarifa ya ufafanuzi. Taja mitaa miwili kwa majina, saa maji yalipoanza kubadilika na yalipotulia, sababu kama mhandisi alivyoieleza, majibu ya maabara yalivyo, na ombi la radhi kwa kutowajulisha wakazi mapema. Sema kwamba sehemu nyingine za mji hazikuguswa, kama kumbukumbu za zamu zinathibitisha hivyo. Ikishasainiwa, kabla hujaituma popote, mpigie yule mwandishi wa redio. Alikuuliza swali zuri, naye bado anasubiri jibu lake.